Daftari la Michoro la Mchimba Dhahabu wa Ballarat

Eugene von Guérard, mchoraji mzaliwa wa Vienna, alifika Victoria, Australia, mnamo Desemba 1852, akaelekea Ballarat kuchimba dhahabu. Kwa jasho la mwaka mzima na zaidi alipata kidogo mno. Penseli yake, hata hivyo, ilihifadhi mahema, vibanda, gogo lililozungushwa kwa mkono kupandisha ndoo kutoka shimoni, na kile kisanduku kilichobembezwa mfano wa susu ya mtoto, maji yachukue udongo, dhahabu nzito ibaki chini. Mnamo 1884, akiwa amekwisha kurudi Ulaya, mzee huyo alichora kwa rangi Ballarat ya kiangazi cha 1853-54. Kwa habari za zana, michoro ya awali yastahili kuaminiwa zaidi: aliyeichora alikuwa angali akizitumia.