Milimita 67
Stesheni ya Manyoni imo katika Reli ya Kati, iliyoanza kujengwa Dar es Salaam mwaka 1905 na kufika Kigoma mwaka 1914, upana wake milimita 1,000. TAZARA ikaja na milimita 1,067. Kwa tofauti hiyo, isiyofikia hata kiganja, shehena hupakuliwa na kupakiwa upya Kidatu. (Sasa twaongeza ya tatu: milimita 1,435.)

Nayakumbuka haya kila wanataaluma wenzangu wanapopanga hazina ya pamoja ya programu huria. Debian, aliyoianzisha Ian Murdock mwaka 1993, hudai kila kifurushi kitaje toleo, leseni na vifurushi kinavyovitegemea. Bila hivyo havikai pamoja katika kompyuta moja. Sisi bado twabishana tununue seva gani.