Happel, Ernst
HAPPEL, Ernst (1925–1992), beki na mwalimu wa kandanda, mzaliwa wa Vienna, mji mkuu wa Austria. Aliichezea klabu ya Rapid ya mji huo, na katika Kombe la Dunia la 1954, huko Uswisi, alikuwa miongoni mwa walioipatia Austria nafasi ya tatu. Ijapokuwa kazi yake ilikuwa kulinda lango, Novemba 1956 ndiye aliyefunga mabao yote matatu Rapid ilipoishinda Real Madrid 3–1, jambo lililo nadra kwa beki wa zama zozote.

Alipoacha kucheza alishika njia ya ughaibuni, akafundisha Uholanzi, Hispania, Ubelgiji na Ujerumani, huku akiwahimiza wachezaji wake wamsonge hasimu mapema, mbali na lango lao. Kwa maarifa hayo Feyenoord iliishinda Celtic mwaka 1970, na Hamburg ikaishinda Juventus mwaka 1983, naye akawa mwalimu wa kwanza kulitwaa Kombe la Klabu Bingwa Ulaya kwa klabu mbili.

Mwaka 1978 ulimwonjesha shubiri mara mbili: Brugge ya Ubelgiji, aliyokuwa akiifundisha, ilishindwa na Liverpool katika fainali ya kombe hilo la Ulaya, kisha Uholanzi, aliyoiongoza pia, ikashindwa na Argentina katika fainali ya Kombe la Dunia, baada ya shuti la Mholanzi Rensenbrink kugonga nguzo ya lango dakika za mwisho za muda wa kawaida, wakati matokeo yalikuwa bado 1–1. Hata hivyo, kuzifikisha timu mbili mbalimbali kwenye fainali hizo katika mwaka mmoja ni dalili tosha ya ustadi wake.

Alifariki Innsbruck, Novemba 1992, akiwa mwalimu wa timu ya taifa lake. Uwanja wa Prater, Vienna, ukapewa jina lake.