Amiri na Almirante

Mwaka 1502 Vasco da Gama alitia nanga Kilwa akiwa na merikebu zenye mizinga. Kabla ya hapo, Mfalme Manuel wa Ureno alikuwa amempa cheo kipya: Almirante wa Bahari ya Hindi. Aliyeushika mji wa Kilwa ni Ibrahim, ambaye watu walimwita amiri. Mgeni alimtishia mwenyeji, akamtoza kodi ya dhahabu. Almirante alimpora amiri, na vyeo vyao vilikuwa neno moja.

Neno lenyewe ni la Kiarabu, na Mswahili haitaji kamusi kulitambua: amri, amuru, amiri. Mwanzoni halikuhusu bahari. Waarabu waliotawala Sicily waliliacha kisiwani, na Wanormani walioiteka katika karne ya 11 wakakitunza cheo hicho. Mfalme Roger wa Pili alimpa George wa Antiokia, Mkristo aliyewahi kuwatumikia watawala Waislamu wa Mahdia. Maandishi ya Kilatini yanamwita *ammiratus ammiratorum*, yaani amiri wa maamiri. Kwa kuwa George aliongoza merikebu za mfalme, cheo nacho kikahamia majini. Kanisa alilojenga Palermo bado linaitwa Santa Maria dell'Ammiraglio.

Kutoka hapo kila bandari iliandika ilivyosikia. Waitalia wakasema *ammiraglio*, Wafaransa *amiral*. Wahispania na Wareno, waliozoea maneno ya Kiarabu yanayoanza na *al*, wakapata *almirante*. Waingereza waliandika *amiral*, *ammiral*, kisha *admiral*. Hiyo *d* haina asili ya Kiarabu. Iliingizwa na makarani waliodhani neno linatokana na kitenzi cha Kilatini *admirari*, kustaajabia. Kwa herufi moja, mtoa amri akageuka mtu wa kustaajabiwa.

Dhahabu ya Kilwa ilifuliwa ikawa chombo cha ibada, kilichokamilika 1506. Hadi leo kimo katika jumba la makumbusho Lisbon.

Neno, kwa upande wake, lilirudi. Kiswahili sasa kinalo mara mbili: amiri, lililotoka kwa Waarabu moja kwa moja, na admirali, lililozunguka Ulaya na kurudi na *d* yake ya makosa. Katika jeshi la Tanzania yanakutana kila siku: admirali hupiga saluti, na anayepigiwa, kwa mujibu wa Katiba, ni Amiri Jeshi Mkuu.