Mfano au Kielelezo? Historia Fupi ya Mfereji wa Gramisidini

Wanafunzi wetu wa tafsiri, wakutanapo na maumbo yaliyokokotolewa na kompyuta katika matini za kisayansi, huyaita "mifano". Sisi tunapendekeza "vielelezo". Tofauti hii si ya maneno matupu. Tutaieleza kwa historia ya peptidi moja, gramisidini.

Mwaka 1939 René Dubos, mtafiti Mfaransa aliyefanya kazi New York, alipata kutoka kwa bakteria wa udongoni dutu iliyoua bakteria wengine. Ndani ya dutu hiyo mlikuwa na gramisidini. Gramisidini A ni mnyororo mfupi wa asidi amino 15 tu.

Je, huuaje? Utando wa seli umejengwa kwa mafuta, na ioni, yaani atomi zenye chaji, hazipenyi mafuta kwa urahisi. Mwaka 1970 Hladky na Haydon, huko Cambridge, walipima umeme uliopita katika utando mwembamba wenye gramisidini. Waliuona ukipanda na kushuka kwa hatua, mithili ya mlango unaofunguliwa na kufungwa. Basi ulikuwapo mfereji.

Umbo lake halikuonekana. Mwaka 1971 Dan Urry wa Marekani alipendekeza kwamba minyororo miwili, kila mmoja umejisokota kama springi, huungana ncha kwa ncha na kuacha tundu lenye upana wa takriban nanometa 0.4. Wengine walidai kuwa minyororo hiyo husukwa pamoja kama kamba. Ubishi uliendelea kwa miaka mingi, hata vipimo vilivyofanywa ndani ya utando wenyewe vikampa Urry haki.

Kompyuta nazo ziliingia. Mwaka 1984 Mackay na wenzake waliiga mwendo wa ioni na maji yaliyojipanga foleni ndani ya mfereji. Mwaka 1994 Woolf na Roux waliuweka mfereji katika utando kamili wa mafuta. Hata hivyo, hesabu za namna hiyo zilionyesha kizuizi kikubwa mno: kwa mujibu wake ioni zingepita kwa nadra, ilhali maabara ilihesabu mamilioni kwa sekunde. Sababu mojawapo ni kwamba hesabu zilizipa atomi chaji zisizobadilika, wakati elektroni za mafuta husogea ioni inapokaribia. Mwaka 2004 Allen, Andersen na Roux walisahihisha athari hiyo, pamoja na ile ya udogo wa utando uliomo katika hesabu, wakaukaribia ukweli wa maabara.

Hapo ndipo ilipo hoja yetu. Mfano hutolewa kwa kitu kinachojulikana. Kielelezo ni dai juu ya kisichoonekana. Huweza kukosea, na kwa kukosea kwake hutufundisha. Mwanafunzi aandikaye "mfano" humfanya msomaji aamini kuwa jambo limekwisha kuthibitishwa.

Wenzetu wenye istilahi bora zaidi, tunawakaribisha watuandikie.