Staji ya uandishi wa habari: mambo ya kujua mbele ya kushika mikro

Mwanafunzi wa uandishi akirudi Kampene kutoka Kindu, Bukavu ao Kinshasa, mara nyingi ana karatasi moja tu mkononi: barua ya chuo ya kuomba staji. Barua hiyo inafungua mlango wa redio. Lakini haisemi nani atalipa pikipiki ya kwenda machimboni, wala ufanye nini mtu akikutilia noti mfukoni kisha mahojiano. Hapo ndipo staji nyingi zinaharibika.

Redio gani?

Wengi wanaota Radio Okapi, inayotangaza tangu tarehe 25 Februari 2002 kwa Kifaransa na lugha zetu nne za taifa. Si vibaya kuota. Lakini kwenye redio ndogo ya jamii watu ni wachache, kwa hiyo utafanya yote: kurekodi, kukata sauti, kusoma habari, hata kuangalia mafuta ya jenereta. Tena, kama unasikia Kirega, unaweza kuongea na wazee wa vijiji vya Pangi kwa lugha yao na kutafsiri kwa Kiswahili. Wengi wanaotoka mjini hawawezi.

Uliza mbele ya kuanza

- Staji inaanza siku gani, inaisha siku gani?
- Nani ni msimamizi wangu, na nani anasoma habari yangu mbele haijaenda hewani?
- Nikitumwa mbali, nani analipa usafiri?
- Mwisho nitapewa karatasi ya kushuhudia kazi yangu?

Usione haya kuuliza. Mkubwa wa redio akijibu wazi, utajua umefika pahali pazuri.

Pesa ya « coupage »

Tuseme ukweli. Katika inchi yetu, mwenye kualika waandishi mara nyingi anawapa pesa kisha mkutano. Ndiyo « coupage ». Mstajieri asiyelipwa anaona ni msaada. Lakini chukua mfano: wanunuzi wa dhahabu wanaalika redio waonyeshe mabati waliyopatia shule. Unapokea bahasha. Wiki inayofuata, wamama wanakuja kusema mto umechafuka kwa sababu ya machimbo yao. Utaenda kuuliza nani, na kwa sauti gani?

Kanuni ya maadili ya waandishi wa Congo, iliyopitishwa 2004 wakati chama cha UNPC kilipozaliwa, haikubali pesa ya kupindisha habari. Jibu fupi linatosha: « Aksanti baba, lakini habari hii hailipiwi. » Kama redio haina pesa ya usafiri, fanya habari za karibu, ao uliza kwa telefone. Ukipanda gari ya mwenye kualika, ambia msimamizi wako, na useme hivyo hewani.

Usalama

Serge Maheshe aliuawa Bukavu tarehe 13 Juni 2007, na Didace Namujimbo tarehe 21 Novemba 2008. Wote walikuwa waandishi wa Radio Okapi. Kwa hiyo usiende machimboni peke yako. Beba barua ya kazi yenye muhuri wa redio, acha nyumbani na kwenye redio jina la pahali unapoenda na saa ya kurudi. Habari yenye kugusa wenye silaha ni ya wakubwa wa kazi, si ya mstajieri.

Jua pia sheria: uhuru wa habari unaongozwa na sheria ya tarehe 13 Machi 2023, iliyochukua nafasi ya ile ya 1996. CSAC ndiyo inasimamia redio na televisheni, na UNPC ndiyo inatoa kadi ya uandishi.

Kisha staji

Linda sauti zako zote na tarehe zake. Ndizo utaonyesha ukiomba kazi. Na kumbuka, Kampene watu wanajua wewe ni mtoto wa nani. Bahasha inaisha siku moja, lakini wale wamama wa mto watakutana nawe sokoni miaka yote.