Per Henrik Ling na Nguvu za Wanyonge

Wasomaji wengi wa gazeti hili walipata kusimama uwanjani asubuhi, mstari nyuma ya mstari, wakinyosha mikono kwa amri ya mwalimu: moja, mbili, tatu. Wengine waliichukia kabisa saa ile, wakiona ni kazi bure kumzoeza viungo mtoto ambaye amekwisha teka maji na kulima kabla ya kuja shuleni. Hata hivyo yafaa tujue asili ya amri zile, kwa maana hazikuanza kwa mtu aliyejivunia nguvu, bali kwa mtu ambaye, kama isimuliwavyo, alikuwa na mkono mgonjwa.

Jina lake Per Henrik Ling. Alizaliwa mwaka 1776 kusini mwa nchi ya Uswidi, mwana wa kasisi wa shamba, na baba yake alifariki yeye akali mtoto. Alipokuwa kijana alisafiri, akafika Copenhagen, mji mkuu wa Denmark, ambako mwalimu mmoja jina lake Franz Nachtegall alikuwa amefungua nyumba ya mazoezi ya viungo mwaka 1799. Huko Ling alijifunza pia mchezo wa panga, yaani kushindana kwa upanga mwembamba kwa ustadi tu, si kwa kuuana. Basi yasimuliwa ya kuwa mkono wake ulimwuma kwa baridi yabisi, naye akaona ya kwamba kwa kuutumikisha kila siku katika mchezo ule, kidogo kidogo ukalegea na kupata nguvu. Mtu mwingine angalishukuru akanyamaza. Ling aliuliza sababu.

Aliporudi kwao akawa mwalimu wa mchezo wa panga katika chuo kikuu cha Lund, naye akajitia kusoma habari za mifupa na misuli, apate kujua kila kiungo chataka kuendeshwa namna gani. Wakati huo nchi yake ilikuwa katika huzuni, kwa kuwa mwaka 1809 Warusi walikuwa wameinyang'anya Finland yote. Ling akaiomba serikali impe chuo cha kufundishia mazoezi. Husemwa kwamba mkubwa mmoja alimjibu kuwa nchi inao wachezaji wa kamba wa kutosha. Lakini mwaka 1813 chuo kilifunguliwa mjini Stockholm, na Ling akawa mkuu wake hata alipofariki mwaka 1839. Chuo kile kingaliko katika mji ule ule, ingawa jina lake limebadilika.

Neno la kutazamwa ni hili. Serikali ilitaka askari hodari. Naye Ling aliyagawanya mazoezi yake mafungu manne: ya watoto wa shule, ya askari, ya wagonjwa, na ya kuonyesha uzuri wa mwendo wa mwili. Mgonjwa na askari katika chuo kimoja! Tena kila mmoja alianzishwa pale nguvu zake zilipofikia, akaongezewa hatua kwa hatua.

Ujerumani mambo yalikwenda njia nyingine. Friedrich Ludwig Jahn alifungua uwanja wake Hasenheide, karibu na Berlin, mwaka 1811, akaweka miti na vyuma vya kuning'inia na kurukia. Vijana walimpenda sana. Walakini aliwatia pia moyo wa siasa, hata wakuu wakaogopa; mwaka 1819 alikamatwa, na toka mwaka 1820 hata 1842 mazoezi ya namna ile yalikatazwa katika ufalme wa Prussia. Jahn alikuwa na moto kuliko Ling, wala sikatai kwamba uwanja wake ulikuwa na furaha zaidi. Maana Ling naye alikuwa na makosa. Alidai mazoezi yake yaponya maradhi mengi kuliko yawezavyo kuponya, na wafuasi wake waliyafanya makavu, kila kidole kwa amri, hata watoto wakachoka kwa uchovu wa moyo kabla ya uchovu wa mwili.

Lakini kwa maskini kazi ya Ling ilifaa zaidi, kwa sababu mengi ya mazoezi yale hayakuhitaji vyombo. Mwaka 1881 Martina Bergman, bibi aliyefundishwa katika chuo cha Stockholm, aliitwa London kuwafundisha walimu wa shule za wasichana. Mwaka 1885 akafungua chuo chake mwenyewe cha walimu wanawake. Kisha, baada ya vita vya Afrika ya Kusini vya mwaka 1899 hata 1902, ambavyo vijana wengi wa Uingereza walikataliwa jeshini kwa udhaifu wa mwili, serikali ilishtuka. Kitabu chake cha mazoezi ya shule cha mwaka 1909 kilifuata njia ya Uswidi, na amri zile zikaenea katika nchi nyingi zilizotawaliwa na Waingereza.

Basi mtu asiyepata kufanya mazoezi aanzeje? Vijana wengi hujitupa chini siku ya kwanza, wajiinue kwa mikono mara thelathini. Siku ya tatu mabega yauma, nao waacha. Hawajui ya kuwa katika zoezi lile mikono huchukua kama theluthi mbili za uzito wa mwili. Aanze kwa ukuta. Asimame mbali kidogo, viganja ukutani sawa na kifua, mwili umenyoka kama ubao. Akunje viwiko hata uso ukaribie ukuta, kisha ajisukume. Hapo miguu huchukua sehemu kubwa ya uzito. Akiweza mara kumi na tano bila kupinda mgongo, ahamie kwenye meza imara. Halafu chini, magoti yakiegemea ardhi, ambapo mikono huchukua kama nusu. Ndipo ajiinue akiwa juu ya vidole vya miguu. Siku mbili au tatu kwa juma zatosha, na siku ya kupumzika katikati, kwa sababu misuli hujijenga wakati wa kupumzika. Kiungo kikichoma, aache.

Mkulima atasema jembe lamtosha. Ni kweli, jembe latia nguvu. Lakini humwinamisha mtu siku nzima upande mmoja, na jioni mgongo wakumbuka. Mtu wa namna hiyo na ashike tawi la mwembe kwa mikono miwili, aning'inie kidogo, ajivute kadiri awezavyo. Na mzee ambaye magoti yamepungua nguvu akae juu ya kiti, asimame pasipo kushika kitu, akae tena polepole, mara tano tu. Akishindwa kusimama, aongeze mto juu ya kiti apate kimo, na juma linalofuata ajaribu kuuondoa.