Tovuti Kabla ya Sheria: Takwimu Huria nchini Kenya, 2011 hadi 2016

Tarehe 8 Julai 2011, jijini Nairobi, Rais Mwai Kibaki alizindua tovuti ya takwimu huria ya serikali ya Kenya. Ndani yake mlikuwa na matokeo ya sensa ya 2009, hesabu za matumizi ya serikali, na orodha za shule na vituo vya afya. Yeyote mwenye intaneti aliweza kuzipakua na kuzitumia bila malipo na bila kuomba ruhusa. Kenya ilikuwa nchi ya kwanza kusini mwa Sahara kufungua tovuti ya taifa ya namna hiyo. Katika makala hii tunaeleza kwa nini mwanzo huo mzuri ulipungua nguvu, na kwa nini jambo hili linatugusa sisi tunaosoma ughaibuni.

Kwa miaka mingi kanuni ilikuwa kinyume chake. Chini ya Sheria ya Siri za Serikali ya 1968, mtumishi wa umma aliyetoa nyaraka za serikali aliweza kushtakiwa, kwa hiyo kunyamaza ndiko kulikokuwa salama. Katiba ya Agosti 2010 ilibadilisha msingi huo. Ibara ya 35 inampa kila raia haki ya kupata habari zilizo mikononi mwa serikali, na inaitaka serikali yenyewe itangaze habari muhimu zinazohusu taifa. Lakini sheria ya kutekeleza ibara hiyo haikuwepo bado.

Wakati huohuo Marekani ilikuwa imefungua tovuti yake ya takwimu Mei 2009, na Uingereza Januari 2010. Dkt. Bitange Ndemo, aliyekuwa katibu wa kudumu katika Wizara ya Habari na Mawasiliano, hakutaka kungoja bunge. Kwa msaada wa Benki ya Dunia, tovuti ilijengwa kwanza.

Faida za kutoa takwimu zilionekana upesi. Kabla ya uchaguzi wa 2013, tume ya uchaguzi ilitoa orodha ya vituo vya kuandikisha wapiga kura katika faili refu lililokuwa gumu kusomeka kwenye simu. Vijana wa Nairobi waliichukua orodha hiyo wakatengeneza tovuti nyepesi iliyoitwa GotToVote, ambapo mwananchi alitafuta kituo cha karibu naye.

Hata hivyo takwimu kuwa wazi si sawa na kuwa sahihi. Agosti 2010 serikali ilifuta matokeo ya sensa katika wilaya nane za kaskazini, zikiwemo Mandera na Turkana, ikisema idadi ilikuwa kubwa kupita kiasi. Viongozi wa huko walipinga, na mgogoro ukafika mahakamani. Idadi ya watu huamua mgao wa fedha na viti vya bunge, kwa hiyo wakazi walihitaji kuziona hesabu ili waweze kuzihoji.

Tatizo la tovuti ya 2011 lilikuwa moja: hakuna wizara iliyolazimika kuilisha. Waliotaka walitoa takwimu, wasiotaka walikaa kimya, na Ndemo mwenyewe alilalamika hadharani. Waswahili husema mtegemea cha nduguye hufa maskini. Wananchi walikuwa wamepewa zawadi, na zawadi haidaiwi.

Sheria ya Kupata Habari ilitiwa saini Agosti 2016, miaka mitano baada ya tovuti. Sasa ofisi ya umma inapaswa kumjibu mwombaji ndani ya siku 21, au saa 48 ikiwa maisha au uhuru wa mtu uko hatarini. Tanzania nayo ilipitisha sheria yake ya kupata taarifa mwaka huohuo. Lakini mwaka 2017 ilijitoa katika Ushirikiano wa Serikali Wazi, na marekebisho ya 2018 yakazuia kuchapisha takwimu zinazopingana na zile rasmi, hadi yalipolegezwa mwaka 2019.

Hapa ndipo linapotuhusu. Tovuti haiulizi pasipoti, bali sheria ya Kenya inampa haki raia tu. Kati yetu wapo wenye uraia wa Kenya, ambayo inaruhusu uraia pacha tangu 2010, na wapo ambao wazazi wao ni wa huko lakini wao hawana uraia huo. Wa kwanza wanaweza kuandika barua ya maombi na kudai jibu. Wa pili wanategemea kilichokwisha kutangazwa. Ndiyo maana tunaona sehemu ya ibara ya 35 inayoitaka serikali itangaze bila kuombwa ndiyo ya kushikiliwa zaidi. Tovuti iliyojengwa juu ya wajibu huo itatufaa sote, wenye uraia na wasio nao.